Baiskeli ya zamani kumzawadia mkeo: iendeshe kwanza, rangi baadaye

Fremu zinazoletwa uani kwangu Nkuhungu, Dodoma, karibu zote zinafanana. Mtu kanunua Phoenix au Raleigh chakavu, kaipaka rangi ikang'aa, kisha anagundua pedeli zimegoma, tairi haliingii kwenye ringi, na siku ya zawadi ni kesho kutwa. Anauliza, "Kaka, tutawahi?" Hatuwahi.

Simcheki, maana nilianzia hukohuko. Ya kwanza niliyomtengenezea mke wangu niliipaka kijani kibichi ikapendeza, ndipo nikaanza kugonga kotapini, ile pini ya pedeli. Nyundo iliteleza mara mbili tu. Nikakwangua rangi yote na kuanza upya.

Kwa hiyo mpangilio wa hapa chini ufuate kama ulivyo. Jipe wiki sita za jioni na Jumamosi. Na kama wewe ndiye mke unayemtengenezea mume, hatua ni zilezile. Utakachobadilisha ni fremu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kufungua nati yoyote

- Spana za namba 8 hadi 17, na spana malaya, ile inayopanuliwa na kubanwa (mnisamehe, ndilo jina lake dukani). Raleigh za Uingereza zina nati za vipimo vya inchi, kwa hiyo spana za milimita huteleza na kula kingo. Spana malaya iliyobanwa sawasawa huokoa nati nyingi.
- Spana nyembamba ya koni (nati inayobana gololi za gurudumu) na spana ya spoki.
- Nyundo ya kilo moja na kipande cha bomba la chuma cha urefu wa sentimita 30 hivi. Tundu lake liwe pana kuliko kichwa cha kotapini.
- Mafuta ya taa, grisi, oili nyepesi, na kilegeza kutu cha kopo. Ukikosa kopo, dizeli inafaa.
- Brashi ya waya, msasa wa maji namba 120, 240 na 400.
- Ukwaju nusu kilo, au siki, na soda ya kupikia.
- Gololi mpya, kotapini mpya mbili, mipira ya breki, mnyororo. Usinunue leo. Subiri ufungue, uende dukani na za zamani mkononi.
- Praimeri ya chuma, rangi ya mafuta na tina. Nusu lita ya rangi inatosha fremu, uma (sehemu inayoshika gurudumu la mbele) na madigadi.
- Maski, miwani, glavu. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi ndani yake, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto.
- Makopo ya maziwa matano au sita ya kutenganisha vipuri, na simu ya kupiga picha.

## Hatua ya 1: Nunua baiskeli inayomfaa yeye

Wanaume wengi hununua fremu ya kiume yenye bomba la juu kwa sababu ndiyo waliyopanda kwenda shule. Halafu mama anavaa gauni au anajifunga kitenge, na baiskeli inabaki ukutani. Tafuta fremu ya kike, ile yenye bomba lililoshuka. Ni chache zaidi, lakini ukiulizia vijijini upande wa Kongwa, Mpwapwa au Kondoa utakuta imeegemezwa nyuma ya nyumba, kuku wamelala juu yake.

Kabla ya kutoa hela, fanya vipimo viwili.

Kipimo cha uzi. Funga uzi kwenye tundu la ekseli ya nyuma upande mmoja, upeleke mbele uzunguke shingo ya fremu, urudi hadi tundu la upande wa pili. Vuta ukaze. Pima umbali kutoka uzi hadi bomba la kiti, kulia na kushoto. Tofauti ya milimita 2 au 3 si neno. Ikizidi hapo, fremu imepinda, iache.

Kipimo cha shingo. Angalia chini ya maungio ya shingo. Rangi iliyojikunja au ufa mwembamba kama unywele ni ajali ya zamani. Hiyo iache pia, hata muuzaji akiapa kwa mama yake.

Kisha soma namba ya fremu, mara nyingi ipo karibu na bomba la kiti, na uandikishiane mauziano mbele ya mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji. Baiskeli za wizi zipo, na hutaki zawadi ya mkeo idaiwe barabarani.

## Hatua ya 2: Soma tairi kabla halijakupotezea hela

Hapa ndipo watu wanapochoma hela zaidi ya mahali pengine pote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Baiskeli kubwa za zamani hutumia tairi la 28 x 1½. Nyingi za kike na ndogo kidogo hutumia 26 x 1⅜. Ukiingia dukani ukasema "nipe ishirini na sita," utapewa tairi la baiskeli ya milimani, 26 x 1.95 au jirani yake. Majina yanafanana, ringi hazifanani.

Tazama ubavuni mwa tairi, kuna namba nyingine yenye kistari katikati. 28 x 1½ huandikwa 40-635. 26 x 1⅜ huandikwa 37-590. La milimani huishia na 559. Tarakimu tatu za mwisho ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye ringi, kwa milimita. Zikitofautiana, hakuna ufundi wa kulazimisha. Tairi la 559 halitaingia kwenye ringi ya 590 hata ukaite vijana wa mtaa mzima. Mbaya zaidi ni la 635 kwenye ringi ya 622: linaingia kirahisi, linalegea, linachomoka ukiwa mwendoni.

Mimi nilinunua jozi nzima ya 559 kwa kumwamini muuzaji. Hakukubali kurudisha. Zikakaa stoo hadi mtoto wa jirani alipopata baiskeli ya milimani.

Nakili tarakimu hizo tatu kwenye simu, uende nazo dukani.

## Hatua ya 3: Kufungua

Piga picha kila upande kabla ya kugusa, na nyingine kila unapotoa kitu. Breki za vyuma za zamani zina viungo vingi, na baada ya wiki tatu hutakumbuka kipi kilitazama wapi.

Mimina kilegeza kutu kwenye kila nati usiku, ufungue asubuhi. Anza na madigadi, keria, mnyororo (una kiungo chenye kibanio, kisukume kwa koleo), kisha magurudumu, halafu usukani.

Tahadhari ya mikazo. Pedeli ya kushoto hufunguka kinyume: unaizungusha kama unayekaza. Na kwenye fremu za mtindo wa Uingereza, bakuli (kikombe cha gololi) la kulia la ekseli ya pedeli nalo liko kinyume. Kama bakuli hilo ni laini ndani na halina mashimo, usilitoe kabisa. Lisafishe likiwa humohumo.

### Kotapini

Hii ndiyo pini ya mshazari inayoshika kono la pedeli kwenye ekseli. Fanya hivi:

1. Legeza nati ya pini mpaka iwe sawa na ncha ya pini, usiitoe yote. Nati italinda nyuzi za pini (mikato ya kukazia nati) zisipondeke.
2. Simamisha kipande cha bomba sakafuni penye zege, kichwa chake cha juu kishike kono la pedeli kuzunguka kichwa kinene cha pini. Bomba lazima libebe uzito wote.
3. Piga nyundo mara moja, kwa nguvu, wima. Pini ikitoka inadondokea ndani ya bomba.

Vipigo vidogovidogo ndivyo vinavyoharibu: pini inapinda kichwa, haitoki tena, unaishia kuitoboa kwa drili. Na ukipiga bila bomba chini, nguvu yote inakwenda kwenye gololi, nazo zinachimba mabakuli. Baada ya hapo pedeli itakwaruza milele hata uweke grisi ya debe zima.

Umefanikiwa ukiona pini imetoka bila fremu kuruka. Sauti yake ni "tok" moja kavu.

## Hatua ya 4: Kutu

Safisha grisi ya zamani kwa mafuta ya taa kwanza, maana tindikali haipiti kwenye grisi.

Nati, boliti na vyuma vya breki viloweke kwenye ukwaju uliokorogwa uwe mzito kama wa juisi. Acha usiku mmoja. Asubuhi piga brashi ya waya, kutu inatoka kama matope meusi. Suuza kwa maji yenye soda ya kupikia kidogo ili kuua tindikali, kausha kwa kitambaa, paka oili palepale. Usiondoke kwenda kunywa chai kwanza. Chuma kitupu kinashika kutu ukiwa unakitazama.

Maji ya kusuuzia nayo yana habari yake. Visima vingi vya Dodoma vina chumvi, na chumvi kwenye chuma kitupu ni kuita kutu upya. Tumia maji ya mvua uliyokinga, au nunua dumu la maji baridi, yaani yasiyo na chumvi.

Sehemu zenye kromu, yaani usukani, ringi na kengele, usiziloweke kwa muda mrefu na usiziguse kwa msasa. Chukua karatasi ya alumini, ile ya kufungia chakula, ikunje donge, ichovye kwenye maji, usugue taratibu. Usukani wa Raleigh niliouona mweusi kama mkaa ulitoa mng'ao baada ya dakika kumi, nikabaki najiona mle ndani na pua imevutika.

Gololi hata usihangaike kuzisafisha. Nunua mpya.

## Hatua ya 5: Gololi na grisi

Pima za zamani kabla hujazitupa. Mara nyingi utakuta inchi ¼ kwenye gurudumu la nyuma na ekseli ya pedeli, 3/16 gurudumu la mbele, na 5/32 kwenye shingo ya usukani. Usichanganye mpya na za zamani kwenye bakuli moja, maana zilizolika hazibebi chochote na mpya zitabeba uzito peke yake.

Paka grisi nene kwenye bakuli, panga gololi mpaka zienee, kisha toa moja ili zipate nafasi ya kuzunguka. Kwenye ekseli ya pedeli kwa kawaida zinaingia 11 kila upande. Gurudumu la nyuma, 9 kila upande.

Kaza koni mpaka mchezo (kule kutikisika) uishe, rudisha nyuma kidogo sana, kisha funga nati ya nje. Nati ya nje huwa inavuta koni, kwa hiyo utarudia mara mbili tatu. Usikasirike.

Kipimo cha kufaulu: inua gurudumu lililo tupu bila tairi, liachie. Lazima lizunguke lenyewe polepole mpaka upande mzito ubaki chini, liyumbe mbele na nyuma kama bembea, kisha litulie. Likikwama ghafla, umekaza mno. Ukishika ringi ukasikia "kaka-kaka," umelegeza mno.

## Hatua ya 6: Kunyoosha ringi, na suala la mbigili

Baiskeli hizi mara nyingi zina spoki 32 mbele na 40 nyuma. Gusa kila moja kwa kucha. Inayolia nzito kuliko wenzake imelegea.

Weka gurudumu kwenye uma, funga njiti ya kiberiti kwenye uma kwa mpira, ncha yake ikaribie ringi. Zungusha. Ringi ikigusa njiti, legeza spoki za upande huo robo zamu na ukaze za upande wa pili robo zamu. Robo, si zaidi. Wanaoharibu ringi ni wale wanaozungusha zamu nzima. Ikibaki kuyumba milimita 2, breki za vyuma zitavumilia.

Funika vichwa vya spoki kwa utepe uliokatwa kwenye tyubu kuukuu, vinginevyo vitatoboa tyubu kutoka ndani.

Kwa mbigili za huku kwetu, chana tyubu kuukuu kwa urefu, toa vali, uivishe juu ya tyubu mpya kabla ya kufunga tairi. Inaongeza uzito kidogo. Lakini mke wangu anakwenda na kurudi shambani Mbabala, kwenye zabibu, na solusheni ya viraka imeganda kwenye kopo kwa kukosa kazi.

## Hatua ya 7: Iunganishe bila rangi na uiendeshe

Usiruke hatua hii.

Funga kila kitu kama ilivyo, fremu ikiwa chakavu. Kwa kotapini, rudishia za zamani kwa muda. Mpya tunza za mwisho. Kono moja likitazama juu na jingine chini, nati za pini zitazame pande tofauti, moja mbele, nyingine nyuma. Ukizielekeza upande mmoja, pedeli hazitanyooka, na mwendeshaji atachechemea.

Pini igongwe kwa nyundo iingie mpaka mwisho, ndipo nati ikazwe. Ukiivuta kwa nati utakata nyuzi. Kama haiingii, linganisha ukubwa: Raleigh hutumia ya milimita 9.5, na nyingine nyingi hutumia 9.0. Pini ya 9.0 kwenye tundu la 9.5 inapwaya na kula kono la pedeli.

Mnyororo uwe na mchezo wa sentimita moja hivi katikati. Utilie oili nyepesi tone moja kila kiungo, kisha futa nje. Tafadhali, mafuta ya alizeti yaachie jikoni. Najua Dodoma na Singida yamejaa, lakini yakikaa hewani yanageuka ulimbo, na vumbi letu likijazia hapo unapata lami.

Mipira ya breki ikae milimita 3 kutoka kwenye ringi na iguse yote kwa pamoja.

Sasa panda kilomita tano, na kilima kimoja. Sikiliza. "Tik" moja kila mzunguko wa pedeli ni kotapini. "Krr" isiyokoma ni gololi. Mnyororo ukiruka, meno yamechongoka kama ya papa. Badili gia na mnyororo kwa pamoja. Rekebisha kila kitu sasa, wakati mikwaruzo haiumizi mtu roho.

## Hatua ya 8: Rangi, kama kweli inahitajika

Kama zaidi ya nusu ya rangi ya kiwandani ipo, na mistari ya dhahabu bado inaonekana, mimi singeipaka. Ioshe, ipigie nta ya gari, iache na makovu yake. Rangi ile huwezi kuinunua tena.

Ikiwa imekwisha, fungua yote tena (safari hii ni saa mbili tu) na uendelee.

Sugua kwa msasa uliolowa maji, namba 120 hadi 240, na matope yake uyakusanye kwenye gazeti uyatupe. Usisugue namba ya fremu ikafutika. Nembo ya shaba iliyopigwa ribiti shingoni usiing'oe; ipake mafuta ya mgando. Rangi itakayoidondokea itafutika kwa kitambaa. Nyuzi zote zizibwe kwa vitambaa vyenye grisi.

Adui wa rangi Dodoma ni upepo. Jua likishapanda unavuma na kubeba mchanga, na fremu mbichi inaunyonya wote ikawa kama msasa. Nyunyizia maji sakafu ya chumba usiku, ning'iniza fremu kwa waya, funga madirisha, paka alfajiri kabla jua halijachomoza. Ukimaliza toka nje, acha mlango umeegeshwa; harufu ya tina si ya kulala nayo.

Praimeri mara moja, kausha siku nzima, msasa wa 400 kidogo, kisha rangi tabaka tatu nyembamba. Tabaka nene linachuruzika na kukauka juu tu. Baada ya tabaka la mwisho subiri wiki nzima kabla ya kukaza boliti. Bonyeza kwa ukucha mahali pasipoonekana. Ukiacha alama, bado.

Kuhusu siri: nguo za kupakia rangi zibaki kwa rafiki. Mke wangu alijua kila kitu wiki ya pili kwa harufu ya shati, akanyamaza, akanionea huruma hadi siku yenyewe.

## Hatua ya 9: Siku ya kuikabidhi na wiki inayofuata

Unganisha kwa kotapini mpya. Weka kengele, kikapu cha mbele na kizuia nguo kwenye gurudumu la nyuma. Kitambaa cha kitenge kinachoingia kwenye spoki kinaangusha mtu chini papo hapo, kwa hiyo hili si pambo.

Kimo cha kiti usikikisie. Mkabidhi, mwache akae huku umeshika usukani, aweke kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Akikanyaga kwa ncha ya unyayo, goti litakunjika kidogo, na hapo ndipo panapofaa. Kama amekaa miaka bila kupanda, kishushe sentimita mbili mpaka azoee kuweka mguu chini.

Mweleze breki. Ringi za chuma zikilowa hushika kwa shida, kwa hiyo masika afunge mapema na taratibu.

Akishaitumia kilomita 20 hivi, mwombe akuachie nusu saa. Gonga kotapini tena na ukaze nati zake, maana pini mpya hujikalia upya na kulegea. Gusa spoki kwa kucha kama mwanzo. Kaza usukani. Kisha irudishe mahali alipoiegemeza, na usiipande bila kumwomba.